Herufi milioni nane za ndigana kali

Leo nataka kuwasimulia kisa cha faili moja. Ni faili la maandishi matupu, halina picha wala rangi, limejaa herufi nne tu zinazojirudia: A, C, G na T. Lina herufi milioni 8.3 hivi. Wale mnaokumbuka flopi, zile diski za megabaiti 1.44 tulizokuwa tukibeba mfukoni, lingeenea kwenye flopi sita. Ukilibana vizuri, kila herufi ichukue biti mbili pekee, flopi mbili zinatosha na nafasi inabaki.

Ndani ya faili hilo mna maagizo yote ya kujenga Theileria parva, kimelea kinacholeta ndigana kali kwa ng'ombe. Watu wengi wakisikia neno jenomu wanakumbuka ile ya binadamu, Clinton akitangaza Ikulu ya Marekani mwezi Juni 2000 huku Blair akiwa kwenye skrini. Hii ya ndigana haikutangazwa na rais yeyote. Ilichapishwa kwenye jarida la Science tarehe 1 Julai 2005, na sehemu ya kazi ilifanyika hapa Nairobi, kwenye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pale karibu na Kabete. Nadhani ni kisa kizuri cha kueleza kile ambacho kompyuta inaweza kufanya dhidi ya maradhi ya kuambukiza, na pia kile ambacho haiwezi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mfugaji wa Kiambu, Nandi au Kajiado hahitaji kuelezwa, lakini kwa mliozaliwa mjini: kuna kupe wa kahawia anayependa masikio. Akimnyonya ng'ombe mwenye kimelea, anakibeba hadi atakapojivua ngozi, kisha anapomng'ata ng'ombe mwingine anamwachia zawadi hiyo. Baada ya juma moja au mawili tezi iliyo chini ya sikio inavimba, homa inapanda, ng'ombe anaacha kula, mapafu yanajaa maji. Mara nyingi katika majuma matatu au manne habari imekwisha. Wanaokufa zaidi ni ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na hao ndio mkulima mdogo huwanunua kwa mkopo. Makadirio yanayotajwa sana ni takriban ng'ombe milioni moja kwa mwaka katika Afrika ya mashariki, kati na kusini. Nyanya yangu alikuwa na wawili. Mmoja alikwenda na ndigana, na karo ya muhula huo ikamfuata.

Kimelea hiki kina tabia inayonishangaza hadi leo. Kikishaingia mwilini hujipenyeza ndani ya seli nyeupe ya damu, yaani askari wa mwili mwenyewe, halafu huilazimisha seli hiyo igawanyike bila kukoma. Seli ikigawanyika, kimelea nacho kinagawanyika pamoja nayo, kila seli mpya inapata mgao wake. Ni kama saratani, ila imeanzishwa na mgeni. La ajabu zaidi ni kwamba ukimuua huyo mgeni kwa dawa iitwayo buparvaquone, seli inaacha kugawanyika ovyo. Sijui saratani nyingine inayozimika kama kuzima taa namna hiyo. Tatizo ni kwamba dawa ni ghali na inataka ng'ombe awahiwe mapema. Ukisubiri mpaka anahema kwa shida umechelewa.

Jina la Kiingereza la ugonjwa huu linataja pwani yetu, na sababu yake ni ya kihistoria. Sotoka iliua ng'ombe wengi sana kusini mwa Afrika miaka ya 1890, kisha Vita vya Makaburu vikamaliza waliobaki. Wafugaji wa kule wakanunua ng'ombe kutoka Afrika Mashariki, wakasafirishwa kwa meli. Pamoja nao wakaja kupe. Kufikia 1902 ng'ombe wa Rhodesia walikuwa wakianguka kwa maelfu, na 1903 serikali ikamwita Robert Koch mwenyewe, yule Mjerumani wa bakteria ya kifua kikuu. Koch akapendekeza njia ya kuwadunga ng'ombe damu ya waliopona. Haikufaulu. Kimelea kilikuja kupewa jina la Arnold Theiler, mganga wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Kusini. Afrika Kusini ilifaulu kuufuta ugonjwa katikati ya miaka ya 1950, kwa majosho, nyua na kuchinja bila huruma. Huku kwetu majosho yalitusaidia pia, mpaka serikali ilipopunguza fedha na mengi yakakauka. Siku hizi mkulima ananyunyiza mwenyewe, kila juma akiweza.

Chanjo ipo, na ni ya nyumbani. Ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, miaka ya 1970, wakati kituo kile kikiwa bado cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Wazo lake ni rahisi kiasi cha kutisha: unamdunga ng'ombe kimelea hai, chenye nguvu zake zote, na papo hapo unamdunga antibayotiki ya aina ya tetrasaiklini inayofanya kazi polepole. Dawa inakishika kimelea mkono, ng'ombe anaugua kidogo tu au haugui kabisa, na baada ya hapo ana kinga ya muda mrefu. Mchanganyiko wenyewe una aina tatu za kimelea: Muguga, Kiambu 5, na ya tatu iliyotoka Serengeti. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wamechanja ndama wao kwa wingi na wanaisifu sana.

Lakini hebu fikiria jinsi inavyotengenezwa. Kuna ng'ombe wa kuambukizwa, sungura wa kulishia kupe, na kupe wenyewe, malaki yao, ambao wanasagwa ili kupata kimelea kilichomo kwenye tezi za mate. Shehena moja huchukua zaidi ya mwaka. Halafu lazima ikae ndani ya naitrojeni ya majimaji kuanzia kiwandani hadi zizini. Inafungwa kwenye mirija midogo, na mrija mmoja una dozi makumi kadhaa. Ukishaufungua ni lazima zote zitumike siku hiyo, kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili asubiri hadi majirani wakusanyike. Mimi nikiitazama naona mfumo unaofanya kazi, ila hakuna anayependa kuutunza. Mnaijua programu ya namna hiyo, kila ofisi inayo moja.

Swali walilokuwa nalo watafiti kwa miaka mingi ni hili: je, mwili wa ng'ombe aliyepona unakitambua kimelea kwa protini zipi? Ukizijua, huhitaji tena kupe wala naitrojeni. Unatengeneza protini hizo pekee, kwenye tangi, na kumdunga ng'ombe. Jibu la kwanza lilikuwa protini iitwayo p67, inayofunika kimelea kabla hakijaingia kwenye seli. Ilijaribiwa malishoni hapa Kenya, na matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha ilipunguza ugonjwa mkali kwa karibu nusu. Nusu si haba, lakini mfugaji aliyewahi kuiona chanjo ya Muguga hawezi kuridhika nayo. Kimelea kina protini elfu nne hivi. Utachagua ipi nyingine?

Hapo ndipo sisi watu wa programu tunapoingia, kwa hiyo tuwaache ng'ombe kidogo.

Mtu wa kwanza ninayemtaja kila mara ni Margaret Dayhoff, Mmarekani, kwa sababu wengi hawamjui. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na ziko aina 20. Mwaka 1965 Dayhoff na wenzake walichapisha kitabu kilichokusanya mfuatano wa protini zote zilizojulikana wakati ule, ambazo hazikufika hata mia. Alikuwa akitumia kompyuta za kadi za kutobolewa, na majina ya asidi hizo yaliandikwa kwa herufi tatu tatu. Akaona ni kupoteza nafasi, akaipa kila moja herufi moja. Hadi leo dunia nzima inatumia herufi zile. Kitabu chake ndicho babu wa hifadhidata zote za protini.

Jambo la pili ni kulinganisha. Umepata jeni mpya na hujui kazi yake. Njia ya haraka ya kukisia ni kutafuta kama inafanana na jeni nyingine ambayo kazi yake inajulikana, iwe ya hamira, ya nzi au ya mtu. Si kutafuta neno lile lile kama unavyofanya kwenye kihariri chako, kwa sababu viumbe hubadilika: herufi zinabadilishwa, nyingine zinaruka, nyingine zinaongezwa. Mwaka 1981 Temple Smith na Michael Waterman walitoa algoridhimu inayopata mlingano bora kabisa. Unachora jedwali, mfuatano mmoja juu, mwingine pembeni, unajaza kila kisanduku kwa kutazama majirani zake watatu. Ni sahihi kabisa, na ni polepole kabisa. Ukilinganisha protini ya herufi 300 na hifadhidata ya herufi milioni mia, ni visanduku bilioni 30, na kompyuta za wakati ule zilikuwa zile zile mnazozijua.

Mwaka 1990 watu watano, Altschul, Gish, Miller, Myers na Lipman, wakatoa BLAST. Ujanja wake ni kukubali kukosea mara moja moja. Badala ya kujaza jedwali zima, unakata swali lako vipande vidogo, kwa protini ni herufi tatu tatu, unatafuta mahali vipande hivyo vinapopatikana kwenye hifadhidata, na ni hapo tu unapoanza kurefusha mlingano kulia na kushoto. Sehemu nyingine zote unaziruka. Zaidi ya hayo, inakupa namba inayosema mlingano kama huu ungetarajiwa mara ngapi kwa bahati tu. Hiyo namba ndiyo niipendayo, kwa sababu inamzuia mtu kujidanganya. Hifadhidata kubwa ukiitafuta vya kutosha utapata chochote unachotaka kuona. BLAST ikawekwa bure kwa kila mtu. Ukiniuliza, ina mchango kwa tiba kuliko dawa nyingi zenye majina makubwa.

Kisha 1995. Taasisi moja ya Maryland iitwayo TIGR, ikiongozwa na Craig Venter, ilisoma jenomu nzima ya kiumbe huru kwa mara ya kwanza: bakteria Haemophilus influenzae, herufi 1,830,137. Njia yao ilikuwa ya vurugu. Waliivunja DNA vipande vipande bila mpangilio, wakasoma vipande zaidi ya 24,000, wakaiachia programu kazi ya kuviunganisha kwa kutazama sehemu zinazopishana. Wakaguzi wa serikali yao walikuwa wameshakataa kuwapa fedha wakidhani haitawezekana. (Kama umewahi kuokota kitabu kilichoraruka, nakala kumi za kitabu kile kile, na ukajaribu kukipanga upya, umeelewa programu hiyo inafanya nini.)

Matumaini makubwa yalitoka Italia. Huko Siena, Rino Rappuoli wa kampuni ya Chiron alikuwa anahangaika na uti wa mgongo wa bakteria ya meningokoka aina B. Chanjo za aina nyingine zilitengenezwa kwa sukari inayoizunguka bakteria, lakini sukari ya aina B inafanana na iliyomo kwenye neva za binadamu, kwa hiyo mwili haiigusi. Rappuoli akashirikiana na TIGR, jenomu ikasomwa, na matokeo yakachapishwa Machi 2000. Kompyuta ilichagua jeni karibu 600 ambazo protini zake zilielekea kukaa nje ya bakteria, mahali kingamwili zinaweza kufika. Wakafaulu kutengeneza 350, wakawadunga panya. Chini ya 30 zilileta kingamwili zinazoua bakteria. Kutokana na hizo, tatu zikaingia kwenye chanjo iitwayo Bexsero, iliyoidhinishwa Ulaya Januari 2013, na Uingereza ikaanza kuwapa watoto wote wachanga 2015.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Kuchagua kwenye kompyuta kulichukua miezi. Kutoka jenomu hadi idhini ni takriban miaka 13, na hiyo ilikuwa kampuni yenye pesa, ugonjwa wa nchi tajiri, na maabara iliyojua inatafuta nini. Iwekeni akilini, kwa sababu sasa tunarudi Nairobi.

ILRI na TIGR waliungana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Malcolm Gardner, aliyeongoza andiko la jenomu ya malaria mwaka 2002, ndiye aliyeongoza na hili. Upande wa ILRI walikuwemo Richard Bishop na Vishvanath Nene, ambaye amefanya kazi pande zote mbili. DNA ilitoka kwa kimelea cha Muguga, kile kile cha chanjo. Kumbukeni pia hali yetu wakati huo: kebo za chini ya bahari zilitufikia 2009, kabla yake intaneti yote ilipitia setilaiti, na kupakua hifadhidata ya jeni ilikuwa kazi ya kuombea Mungu.

Walichokuta ni kromosomu nne na jeni kama 4,000. Kwa kulinganisha, kimelea cha malaria kina kromosomu 14 na jeni kama 5,300. Wawili hawa ni jamaa, lakini wa ndigana amefunga virago vingi. Kazi kadhaa za kujitengenezea chakula ameziacha, anamtegemea mwenye nyumba. Toleo hilo hilo la Science lilikuwa na jenomu ya ndugu yake, Theileria annulata, anayetesa ng'ombe kuanzia kaskazini mwa Afrika hadi India, iliyosomwa Uingereza. Kuwa na mbili kwa mpigo kunasaidia sana: kinachofanana kwa wote wawili na hakipo kwa malaria huenda ndicho kinachoifanya seli iwe kama saratani.

Sasa uchaguzi. Njia ya Rappuoli haikufaa hapa moja kwa moja, na hili ndilo watu wengi hawalielewi. Kwake bakteria iko nje ya seli, kingamwili inaifikia na kuishika. Huku kimelea kimejificha ndani ya seli, kingamwili haikioni. Anayemwokoa ng'ombe ni seli-uaji, ambazo hukagua vipande vya protini vinavyoanikwa juu ya ngozi ya kila seli, na zikiona kipande cha kigeni zinaiua seli yote. Kwa hiyo swali si protini ipi iko juu ya kimelea. Swali ni ipi inamwagwa na kimelea ndani ya seli ya ng'ombe, ikakatwakatwa, ikaanikwa.

Hapa tabia ya kimelea ikawapa watafiti nafasi. Kimelea cha malaria hujifungia ndani ya kifuko, lakini cha ndigana huelea ndani ya seli bila ukuta wa ziada. Chochote anachokitema kinaingia moja kwa moja kwenye seli. Na protini itakayotemwa mara nyingi hubeba mwanzoni mwake alama, kama anwani kwenye bahasha, ya herufi 20 hivi. Wapo Wadenmaki walioandika programu iitwayo SignalP tangu 1997, mtandao wa neva uliofundishwa kuitambua alama hiyo. Kwa hiyo unatoa jeni zote, unauliza ipi ina anwani ya nje, na orodha inapungua kutoka maelfu hadi inayobebeka.

Orodha hiyo ikahamia maabarani. Jeni ziliingizwa moja moja kwenye seli za ng'ombe, kisha zikawekwa pamoja na seli-uaji kutoka kwa ng'ombe waliochanjwa. Zile zilizozusha ghadhabu ndizo zilizotakiwa. Sambamba na hapo walipekua pia jeni za kimelea bila kuchagua, wakihofia kompyuta imeacha kitu. Matokeo yalichapishwa 2006: protini tano, zikapewa majina Tp1, Tp2, Tp4, Tp5 na Tp8. Ng'ombe walipochanjwa kwazo kisha wakaambukizwa dozi ya kuua, wale ambao seli-uaji zao ziliitikia ndio walioelekea kupona. Mwaka mmoja tu baada ya jenomu. Ungeisoma habari hiyo wakati ule ungesema chanjo mpya iko njiani, miaka mitano, kumi ikizidi.

Haijafika. Leo naandika haya, chanjo iliyo mikononi mwa wafugaji ni ile ile ya Muguga ya miaka ya 1970, na kupe bado wanasagwa.

Kwa nini? Pesa ni sehemu ya jibu, hatuwezi kudanganyana. Soko la chanjo ya ng'ombe wa mkulima mwenye robo ekari haliwezi kushindana na soko la watoto wachanga wa Ulaya. Mwaka 2014 ILRI ilikusanya washirika kutoka mabara kadhaa kwa msaada wa wakfu wa Gates ili kulisukuma jambo hili, na hata hivyo halikumalizika. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye biolojia. Kila ng'ombe ana seti yake ya molekuli za kuanika vipande, ameirithi kwa wazazi. Kipande ambacho ng'ombe wako anakianika vizuri, wa jirani hakianiki kabisa. Na kimelea nacho kina aina nyingi, hasa zile zinazoishi kwa nyati bila kumdhuru, na vipande vile vile muhimu ndivyo vinavyotofautiana kati ya aina moja na nyingine. Ni kama kuandika programu itakayotumika kwenye mashine ambazo kila moja ina prosesa yake, na data inayoingia inabadilika makusudi ili ikukwepe. Kwa chanjo hai mwili unaonyeshwa kimelea kizima na kuchagua wenyewe. Kwa protini tano, wewe ndiye umechagua kwa niaba ya ng'ombe wote.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema jenomu ilikuwa kazi bure. Mwaka 2015 kundi moja la Paris lilichapisha kwenye Nature kazi iliyoanza kwa kupekua jenomu za Theileria, likitafuta protini zinazotemwa ambazo zinafanana na zile zinazohusika na saratani kwa binadamu. Wakaipata moja, ndugu wa protini ya binadamu iitwayo PIN1. Kimelea kinaitema ndani ya seli na inasaidia kuiweka seli kwenye hali ile ya kugawanyika bila breki. Wakaonyesha pia kwamba buparvaquone, dawa iliyotumika miaka mingi, huishika na kuizuia protini hiyo, na kwamba kimelea sugu kilikuwa na badiliko kwenye jeni yake. Siri ya ile taa inayozimika ikaanza kufunguka, kwa kuanzia na faili la maandishi.

Mwaka huo huo zikasomwa jenomu za aina zote tatu zilizomo kwenye chanjo ya Muguga. Kiambu 5 ni tofauti kwelikweli, herufi maelfu mengi. Lakini Muguga na ile ya Serengeti ni karibu pacha, zinapishana kwa herufi mia chache tu kati ya milioni 8.3. Yaani kwa miongo minne watu walikuwa wakilisha kupe na kuwasaga mara tatu, pengine mara mbili zingetosha. Hakuna darubini ingekuambia hilo. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi bora ya jenomu kwa sasa: kukagua kilichomo kwenye chupa ambayo tayari inaokoa mifugo, na kuirahisisha, wakati ile ya kesho ikiendelea kutafutwa.

Na kuna hili la kuwachekesha watengenezaji programu. Mwaka 2020 watafiti walilirudia lile faili la 2005, wakilinganisha na taarifa mpya za jeni zinazowaka ndani ya seli, wakasahihisha mipaka ya jeni. Zilizobadilika ni asilimia 53 ya protini zote. Zaidi ya nusu! Jeni moja ilikuwa mbili, mbili zilikuwa moja, mwanzo uliwekwa pasipo mwanzo. Fikiria maana yake: kama mwanzo wa jeni umekosewa, ile anwani ya bahasha haionekani, na SignalP inaitupa protini ambayo huenda ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Herufi zilikuwa sahihi, ni maelezo yaliyoandikwa juu yake ndiyo yalikuwa na hitilafu, na orodha zote zilizotolewa hapo kati zilirithi hitilafu hizo.

Wengi wananiuliza kuhusu AlphaFold, programu ya DeepMind inayokisia umbo la protini kutokana na herufi zake. Ni kazi kubwa, na 2024 wenye nayo, Demis Hassabis na John Jumper, walipata sehemu ya tuzo ya Nobel ya kemia. Tangu 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yamewekwa wazi kwa yeyote. Umbo linakusaidia kuona dawa itakaa wapi, au kingamwili itashika upande gani, kwa mfano kuiboresha p67. Lakini umbo halikuambii ng'ombe gani ataanika kipande kipi. Kwa hilo wapo Wadenmaki tena, na mitandao yao ya neva inayokisia kipande gani kitashikwa na molekuli ipi, ambayo sasa ina toleo la ng'ombe. Na data ya kuifundisha lazima itoke kwa ng'ombe halisi, wa Boran na Ankole na Zebu, si wale wa Wisconsin peke yao. Hapo tuna la kufanya hapa hapa.

Kwa anayetaka kujaribu: nenda kwenye tovuti ya NCBI, tafuta Theileria parva Muguga, faili la jenomu litashuka kabla chai haijapoa. Chukua protini yoyote, ibandike kwenye BLAST, uone majirani zake. Nyingi zitakujibu kwamba ni protini isiyojulikana kazi yake. Usidhani umekosea hatua, ndivyo zilivyo. Wanaotumia Python wana Biopython, na wazee wenzangu wa Perl bado tuna BioPerl yetu. Ukikwama niandikie, nitakutumia skripti yangu ya kuchuja zenye alama ya kutemwa, ila hakikisha umepakua maelezo ya jeni yale ya 2020, si ya 2005.